Somo: Kupanga kadi za mkononi kabla ya Iono, Judge na Unfair Stamp (Pokémon TCG, mchezo wa kadi)

Wachezaji wengi wameshika kanuni moja: ukihofia mkono wako utavurugwa, baki na kadi chache. Hiyo ni nusu tu ya kazi. Swali la kwanza ni kadi zako zitakwenda wapi zikishaondolewa mkononi, maana kadi za kuvuruga hazifanyi kazi kwa namna moja. Mifano yote hapa ni ya Standard (mfumo wa mashindano unaoruhusu kadi za karibuni tu) ya miezi ya mwisho ya 2024.

Hatua ya 1: Jua unayekabiliana naye

Iono: kila mchezaji anachanganya mkono wake na kuuweka chini kabisa ya rundo lake, kisha anavuta kadi sawa na idadi ya Prize alizobakiza (Prize ni kadi 6 za zawadi unazochukua ukiangusha Pokémon wa mpinzani; ukizimaliza unashinda). Judge: mikono yote inachanganywa ndani ya marundo, kila mmoja anavuta 4. Roxanne: inachezwa tu mpinzani akibakiza Prize 3 au chini; mchezaji wake anavuta 6, mpinzani 2. Unfair Stamp: inachezwa tu ikiwa Pokémon wa mwenye kadi aliangushwa katika zamu iliyopita ya mpinzani, yeye anavuta 5, mpinzani 2. Hii ni Item (haina kikomo kwa zamu), si Supporter (moja tu kwa zamu) kama zile tatu, kwa hiyo katika zamu hiyohiyo anaweza bado kucheza Boss's Orders, Supporter inayomvuta mbele Pokémon wako anayesubiri benchi. Hapo ndipo mechi nyingi zinapotea.

Hatua ya 2: Tenganisha "chini ya rundo" na "ndani ya rundo"

Hapa ndipo penye uzito wote wa somo. Tuseme rundo lako limebaki na kadi 12, kati yake 4 ndizo za kukuokoa. Mkononi una kadi 8 ambazo hazina kazi tena. Umebakiza Prize 2.

Akicheza Iono, zile 8 zinakwenda chini. Unavuta 2, na 1 zamu yako ikianza: kadi 3 kutoka zile 12 za juu. Uwezekano wa kupata angalau moja ya kukuokoa ni kama asilimia 75.

Akicheza Unfair Stamp, zile 8 zinachanganyika na zile 12. Unavuta tena 3, lakini sasa ni kutoka 20. Uwezekano unashuka hadi asilimia 51.

Mkono ni uleule, rundo ni lilelile. Basi dhidi ya Iono, kadi zisizo na kazi zishikilie, maana atakusaidia kuzizika chini. Dhidi ya Stamp na Roxanne, zitoe mkononi mapema: zilipe gharama ya Ultra Ball (inataka utupe kadi 2), au zitupe kwa Professor's Research (tupa mkono wote, vuta 7) wakati bado una nafasi. Kadi nzuri nazo ni kinyume chake. Boss's Orders uliyoishikilia ikipigwa Iono inalala chini hadi rundo lichanganywe. Ikipigwa Stamp, angalau inarudi kwenye mchanganyiko.

Hatua ya 3: Hamishia thamani mezani

Nishati ya zamu (kadi ya kuwezesha shambulizi, moja kwa zamu) iambatishe, hata kama Pokémon huyo hashambulii leo. Anayeweza kupanda hatua (kubadilika kuwa umbo la juu) apande. Muhimu zaidi ni kuwa na uwezo wa kuvuta kadi uliokwisha kukaa benchi: Bibarel (vuta hadi ufikishe 5 mkononi), Pidgeot ex (tafuta kadi yoyote moja kila zamu), Fezandipiti ex (vuta 3 ikiwa Pokémon wako aliangushwa zamu iliyopita ya mpinzani). Uwezo wa mezani hauguswi na Iono.

Hatari yake: Pidgeot ex na Fezandipiti ex kila mmoja anatoa Prize 2 akiangushwa, na mpinzani makini atamvuta Pidgeot mbele kwa Boss's Orders, amwangushe, kisha akupige Iono zamu inayofuata. Ukiona hilo linakuja, weka Pidgey (umbo la mwanzo la Pidgeot) wa pili benchi mapema.

Hatua ya 4: Hesabu Prize kabla ya kuangusha

Kila Prize unayochukua inapunguza kadi utakazopewa na Iono. Ukiangusha Pokémon ex watatu unapita 6, 4, 2, mwisho. Ukiangusha wa Prize moja moja unapita 3, 2 na 1, yaani unampa nafasi tatu za kukubana. Kabla ya kushuka hadi 2, hakikisha shambulizi la mwisho tayari lina nishati mezani.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nimepigwa Iono nikiwa na Prize 2, hali ileile ya mfano wako. Nina Bibarel benchi. Mkononi Nest Ball, nishati na Rare Candy isiyo na wa kumpandisha. Nianze na Nest Ball ili Bibarel anivutie nyingi?*

Hapana. Nest Ball inatoa Pokémon mmoja wa msingi ndani ya rundo na kumweka benchi, kisha inakulazimu kuchanganya rundo, na zile 8 ulizozika zinarudi kwenye mchanganyiko. Ambatisha nishati, kisha vuta kwa Bibarel: kadi 3 kutoka 9 za juu, asilimia 88 kwa kadi 4 za kukuokoa. Ukianza na Nest Ball unavuta 4 lakini kutoka 16, asilimia 73. Ila kama ulichozika ni kadi nzuri, geuza mpango: changanya kwanza, ndipo uvute.

*Nitajuaje kama ana Unfair Stamp?*

Ni ACE SPEC (kundi la kadi zenye nguvu za pekee), na deki inaruhusiwa moja tu ya kundi hilo. Angalia kadi alizotupa: ukiona Prime Catcher, ambayo nayo ni ACE SPEC, basi Stamp haimo. Na ikiwa zamu yako iliyopita hukuangusha Pokémon wake yeyote, hawezi kuicheza. Mara nyingine inafaa kuchelewesha kuangusha kwa zamu moja, hasa mkononi ukiwa na vipande vyote vya ushindi wa zamu ijayo.

*Na Judge je? Mwalimu umeipita haraka.*

Kwa sababu mwisho wa mechi inakuachia kadi 4, na ya tano zamu ikianza. Ubaya wake uko zamu za mwanzo, ukiwa na mkono wa kadi 7 au 8 na mezani hamna kitu. Dawa ni kujaza benchi kwanza. Mkono wako ukiwa na kadi 3 au chini, Judge inakuongezea, kwa hiyo mpinzani hataitoa. Iono mwanzoni mwa mechi ni vivyo hivyo: mwenye Prize 6 anapewa kadi 6.

*Nikimaliza mkono wote kila zamu, si nitakuwa salama?*

Ukiwa na Bibarel au Pidgeot mezani, ndiyo, karibu. Bila wao unategemea kadi moja ya kuvuta kila zamu, na mpinzani hana haja ya kukuvuruga. Usitupe Boss's Orders ya mwisho wala Night Stretcher (inarudisha mkononi Pokémon au nishati ya msingi uliyotupa) ya mwisho kwa ajili ya kupunguza idadi tu. Hesabu kwanza zilizobaki ndani ya rundo, ukikumbuka kwamba nyingine zinaweza kuwa kwenye Prize.