Ukikuta 1/∞, usikimbilie kugawanya

Alama ya ∞, yaani ukubwa usio na mwisho, iliyoanza kutumiwa na mwanahisabati John Wallis mwaka 1655, haimo kwenye namba halisi. Ukiandika 1/∞ = 0 kisha ukavusha ∞ upande wa pili, unapata 1 = 0 × ∞. Anza na 2/∞ na utapata 2 = 0 × ∞. Basi 1 = 2! Kosa ni kule kuvusha kitu kisicho namba.

Weka n mahali pa ∞, kisha uliza jibu linakaribia wapi n ikizidi kukua. n ikiwa 1,000, 1/n ni 0.001, ikiwa milioni, ni 0.000001. Sehemu hiyo haigusi sifuri kamwe, ila kikomo chake, yaani thamani inayoikaribia, ni sifuri kamili, si "karibu sifuri".

Kwa ∞/∞, chukua (3n² + 5n)/(2n² − 1). Gawanya kiasi na asili kwa n², kipeo kikubwa kilichomo kwenye asili: (3 + 5/n)/(2 − 1/n²). Vipande vyenye n chini vinakwenda sifuri, inabaki 3/2. Hakiki kwa kikokotoo: n = 10 inatoa 1.759, n = 1,000 inatoa 1.5025.

∞ − ∞ ndiyo inayowaponza wengi zaidi. √(n² + n) − n si sifuri. Zidisha na ugawanye kwa √(n² + n) + n; juu inabaki n tupu. Gawanya kote kwa n upate 1/(√(1 + 1/n) + 1), ambayo kikomo chake ni 1/2. Kwa n = 100 utaona 0.4988.

Na je, ipo namba kubwa kuliko sifuri, lakini ndogo kuliko 1/n zote? Kwenye namba halisi haipo. Miaka ya 1960 mwanahisabati Abraham Robinson alijenga mfumo mpana zaidi ambamo ipo: H ikiwa kubwa kupita namba zote za kuhesabia, 1/H = ε, na ε si sifuri. Humo H, H + 1 na 2H ni namba tofauti, na 2H/H ni 2 bila ubishi.

Ukitafuta mteremko wa x² kwa ε, fuata mpangilio: ((x + ε)² − x²)/ε = (2xε + ε²)/ε = 2x + ε. Gawanya kwanza, ndipo uidondoshe ε ubaki na 2x. Ukiifanya sifuri kabla ya kugawanya, umeangukia 0/0.

Kompyuta nayo isikuhadae. Lugha ya programu ya JavaScript, ambayo huandika ∞ kama Infinity, hujibu 0 kwa 1/Infinity, lakini Infinity/Infinity hutoa NaN, yaani si namba.