Kuuza nyumba Nairobi msimu wa Desemba

Desemba huonekana mwezi mbovu wa kuuza nyumba Nairobi. Watu wanaelekea ushago, mawakili wanafunga ofisi, na waliobaki mjini wanawazia karo ya Januari. Hata hivyo, ndio mwezi ambao Mkenya anayeishi Dallas au Doha husimama mwenyewe sebuleni kwako badala ya kumtuma binamu ampigie picha. Huyu mara nyingi yuko nchini kwa wiki mbili au tatu tu. Akikuta makaratasi hayajakamilika, atapanda ndege na pesa zake. Kwa hiyo makaratasi ni kazi ya Oktoba na Novemba. Desemba iachie kuonyesha nyumba na kutia sahihi.

Anza na hati miliki. Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, ulianzia Nairobi. Fungua akaunti, hakikisha ploti yako imo, kisha fanya upekuzi rasmi, yaani uombe taarifa ya ploti kutoka kwenye sajili ya ardhi, kama atakavyofanya mnunuzi. Soma kila mstari: jina lako lilivyoandikwa, ukubwa wa ploti, rehani, vizuizi. Tatizo linalojitokeza mara kwa mara ni mkopo uliomalizika kulipwa zamani huku rehani ya benki ikiwa bado kwenye sajili, kwa kuwa hakuna aliyesajili hati ya kuiondoa. Kulirekebisha kunahitaji benki, wakili na sajili, na wote watatu hulegea kuanzia katikati ya Desemba.

Pata pia cheti cha kaunti kwamba hudaiwi kodi ya ardhi. Ikiwa ardhi ni ya lisi, yaani umekodishwa kwa miaka maalumu, lipa pango la serikali na uombe kibali cha kuihamisha. Kwa ghorofa, chukua barua ya kampuni inayosimamia jengo kwamba hudaiwi ada ya huduma. Mume au mke naye atie sahihi ya idhini, kwani Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mali ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake. Ikiwa atasafiri mapema, asaini mbele ya wakili kabla hajaondoka.

Hesabu kodi kabla ya kutaja bei. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ni 15% ya faida, na mlipaji ni muuzaji. Tuseme ulinunua kwa milioni 8, ukatumia 400,000 kwa ushuru wa stempu na wakili, unauza kwa milioni 13 na gharama za kuuza ni 300,000. Faida ni milioni 4.3, kodi ni shilingi 645,000. Risiti za ukarabati uliouongezea jengo thamani hupunguza faida hiyo, basi zitafute. Ikiwa umeishi humo mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuhamisha, nyumba husamehewa kodi hii, lakini ni juu yako kuthibitisha kwamba unastahili msamaha huo.

Nyumbani, mvua za vuli zitakuwa tayari zimekuonyesha palipo na kasoro. Tazama sehemu ya chini ya ukuta wa nje: rangi ikibambuka na unga mweupe ukitokea, maji yanapanda kutoka ardhini au yanaruka kutoka kwenye mfereji wa paa uliotoboka. Kupaka rangi juu yake ni kutupa pesa, maana itavimba tena baada ya wiki chache, pengine mnunuzi akiwa amekuja kwa mara ya pili. Ziba mfereji, punguza udongo uliorundikwa ukutani, acha ukuta ukauke kabisa, ndipo upake. Doa la dari nalo halifichiki. Rekebisha bati au kigae kwanza.

Onyesha nyumba asubuhi, matangi yakiwa yamejaa na mabomba yote yakitoa maji. Mnunuzi wa Nairobi atayafungua. Mapambo ya Krismasi yasizibe madirisha. Wanaokuja waandikwe langoni kwa kitambulisho, na usiwaambie mnasafiri lini. Ukitumia ajenti, awe amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba. Nakala ya hati miliki isizungushwe WhatsApp. Ipitie kwa wakili.

Mkikubaliana, kawaida mnunuzi huweka 10% na mauzo hukamilika ndani ya siku 90. Usiikubali tarehe hiyo bila kuangalia kalenda: mkataba wa Desemba 15 unapoteza wiki kadhaa za mwanzo kwa sikukuu. Mnunuzi anayerudi ng'ambo aache hati iliyosajiliwa ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Nawe ukisafiri, muachie mtu funguo, kwa sababu mthamini wa serikali huenda akataka kuiona nyumba ili ushuru wa stempu ukadiriwe.

Akiomba kuhamia kabla ya Krismasi kwa amana peke yake, kataa. Mauzo yakivunjika utabaki na mtu ndani ya nyumba asiye na mkataba wa kupanga, na kumtoa ni kesi ya mahakamani. Funguo na hati halisi zitolewe tu pesa zote zikishafika, au wakili wako akishapokea ahadi ya maandishi ya benki kwamba itazilipa.