Kumchujia mtoto gemu za kupigana, simuni na bandani

Mzazi wa Mwanga au Ujiji, Kigoma, akiambiwa mtoto yuko kwenye banda la gemu, huuliza ametoka saa ngapi. Wewe anza kwa kuuliza jina la gemu. Padi ni ileile na televisheni ni ileile, lakini FIFA ya mpira ina alama ya miaka 3, na San Andreas, GTA ya 2004, ina 18. Katika alama hizo za PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri, 12 huruhusu mapigano ya kubuni, 16 ni vurugu zinazofanana na za kweli, na 18 ni ukatili mkubwa, pamoja na kuua wasioweza kujitetea.

Bandani alama hutaiona, maana CD nyingi ni za kunakili na hazina jalada. Andika jina hilo mtandaoni pamoja na neno PEGI, namba itatokea. Usitegemee mashine imzuie mtoto: PlayStation 2 (PS2) haina kufuli la umri kwa gemu. PS3 na PS4 zinalo, ila namba ya siri ya kiwandani ni 0000 na watoto wanaijua, hivyo ibadilishe siku hiyohiyo. Kwa banda la mtaani, nenda mwenyewe ukaongee na mwenye banda: mwanangu acheze mpira na magari tu, na jua likizama arudi nyumbani. Mwambie mtoto akiwepo, asikie.

Kwenye simu ya Android fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Familia, washa udhibiti wa wazazi, weka namba ya siri na uchague umri. Wengi huishia hapo na kushangaa gemu bado ipo. Kufuli hilo huzuia za kupakua baadaye. Zilizokwisha kuingia zifute kwa mkono. Halikamati pia faili wanazorushiana simu kwa simu, kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio ya simu ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, uizime kwa kila programu iliyoorodheshwa. Na namba ya siri ya pesa za simu isijulikane na mtoto, kwani Free Fire, gemu ya kupigana risasi, huuza almasi, yaani sarafu ya humo ndani.

Ugomvi mkubwa nyumbani huzuka wakati wa kuzima. Raundi ya Free Fire huchukua kama dakika 10, ya PUBG, nayo ya risasi, inaweza kufika 30, na ukimnyang'anya simu katikati umewaangusha na wenzake wa timu. Hesabu raundi badala ya dakika: mbili, kisha simu mezani. Hasira nyingi tunazolaumu damu ya kwenye kioo huenda zinatokana na kukatizwa.

Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilisema ushahidi hautoshi kuunganisha gemu hizi na vitendo vya ukatili, ila kuna uhusiano mdogo na ukali kama kufoka na kusukumana. Kwa hiyo angalia vitu vidogo: anavyocheza na mdogo wake, kama anashtuka usingizini, kama ameacha mpira wa uwanjani. Ukiona hivyo, toa za 16 na 18 kabisa kwa wiki mbili, mwachie za mpira, uone kinachobadilika. Ikiwa anaumiza wenzake au hasemi kinachomsibu, piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto.