Asubuhi ni Yako: Kuwaandikia Programu Watu wa Ng'ambo Ukiwa Lamu

Vijana wakinijia hapa Mkomani kuniuliza habari za kazi hii, swali lao la kwanza ni lugha gani ya programu wajifunze. Python au JavaScript, yoyote kati ya hizo itakufikisha. Mimi nataka kwanza tuzungumze saa.

Mwajiri wa London akifungua kazi saa tatu asubuhi kwake, hapa ni saa sita mchana. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, kwetu inakuwa saa tano, mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wa New York ni mgumu zaidi: kazi yake huanza saa kumi au saa kumi na moja jioni, na kikao chake cha katikati ya asubuhi kinaangukia magharibi yetu. Kama una watoto wa kuwapokea jioni kutoka madrasani, chagua London.

Maana yake ni kwamba tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri hakuna anayekuita. Ilinde asubuhi hiyo. Ukianza kujibu ujumbe saa mbili ili uonekane mwepesi, watazoea, na jioni hawatakuachia mapema.

Saa mbili za mwanzo zipe ufundi wako. Asiye na kazi bado na ajenge kitu cha hapa: programu ya kuorodhesha abiria wa boti za Mokowe, wanaolipa kwa M-Pesa kupitia Daraja, lango la Safaricom la watengenezaji programu. Ni kazi ndogo kwa kuitazama, lakini ina mafunzo mengi. Jibu la kwanza la Daraja linakwambia tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo ya malipo huja baadaye, peke yake, na huenda yakachelewa. Abiria akibonyeza mara ya pili, je, umemtoza mara mbili? Ukiweza kulijibu swali hilo ndani ya msimbo wako, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kulieleza kwa maandishi, una cha kuonyesha kwenye usaili. Weka kila hatua kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, na kila badiliko uandike sababu yake.

Usilipuuze hilo la kuandika. Mkubwa wako hakuoni ukihangaika, anasoma tu. Ninaowajua waliopanda vyeo wakiwa mbali ni wale wanaoeleza kasoro hivi kwamba mwenzao akiamka anaweza kuendelea bila kuwauliza, na wanaokagua msimbo wa wengine kwa adabu na kwa undani.

Umeme ukikatika, betri ya laptopu na bando la simu vikuvushe mpaka mwisho wa kikao. Jaribu hilo kabla ya siku ya usaili.

Asubuhi iliyobaki ni ya maisha, nayo ina haki yake. Mimi siku za bamvua, maji yakitoka, hutembea ufuoni hadi Shela na dada yangu, simu tumeiacha nyumbani. Siku nyingine ni sokoni, au kwa shangazi anayeumwa magoti. Mtu aliyeingia kazini saa sita akiwa ameshaona watu wake hufikiri vizuri. Nayaona haya kwenye kazi yangu mwenyewe.

Patana na mwajiri juu ya mambo mawili kabla hujatia saini mkataba. La kwanza ni Ijumaa: majira yao ya baridi, kikao cha asubuhi London kinagongana na sala. Omba kisogezwe hadi saa nane yetu, na uweke alama kwenye kalenda ya wote. La pili ni Maulidi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo likizo ya mwaka jana haitakusaidia mwaka huu. Hesabu upya kila Januari, uombe mapema.