Unataka ivent ya biashara ikubali? Anza kupangia mwisho

Watu wengi wakipewa kazi ya kuandaa ivent ya biashara, cha kwanza wanakimbilia ukumbi, cha pili MC, alafu hela ikishaanza kukata ndo wanaulizana kwani hii shughuli ilikuwa ya nini hasa. Ndo maana unaingia kwenye hafla imependeza kila kona, mataa, mazulia, mapambo mpaka mlango wa chooni, unatoka na kalamu na mfuko wa karatasi na ukiulizwa ile kampuni inauza nini unabaki unajikuna kichwa. Mimi naona njia nzuri ni kupanga kurudi nyuma, yaani unaanza na kile unachotaka mgeni akifanye, alafu ndo unashuka taratibu mpaka ufike kwenye viti na maiki.

Kwahiyo kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote andika sentensi moja, moja tu, na iwe na kitendo kinachohesabika. "Kuitangaza kampuni" siyo lengo, hiyo ni dua. Lengo ni kama "mawakala 40 wasaini kuuza bidhaa yetu siku hiyohiyo", au "wateja wa zamani waijaribu huduma mpya palepale ukumbini na wajiandikishe kabla ya kuondoka". Ukishaipata iweke juu kabisa kwenye grupu la kamati, na kila mtu akileta wazo mnalipima kwa hiyo sentensi. Mmoja atasema tuweke bendi, muulize bendi inamsaidiaje wakala kusaini, akikosa jibu basi hakuna bendi na hela yake inahamia kwenye meza za mazungumzo. Utaonekana mkali, sawa tu.

Sentensi hiyohiyo ndo inakupa idadi ya watu. Kama unataka mawakala 40 huhitaji kuita watu 500, unahitaji labda 80 au 100 wenye duka au wenye wateja kweli, tatizo mabosi wanapenda ukumbi ujae kwa ajili ya picha. Bosi wa hivyo muoneshe hesabu ya kila kichwa kinagharimu kiasi gani, huwa analainika.

Tarehe na hela

Tarehe usiipange peke yako na kalenda ya ukutani. Chukua watu watano au sita ambao wasipokuja hiyo ivent haina maana, waulize kwanza, wape tarehe mbili wachague moja, na hizohizo tarehe mbili omba ukumbi ukushikie kwa muda bila kulipia. Epuka siku za kufunga hesabu, wahasibu na mameneja wanakuwa wamebanwa, na epuka kuamkia sikukuu maana mwili unakuja ila akili iko safarini. Muda wa maandalizi unategemea ukubwa, kikao cha asubuhi cha watu 30 wiki nne zinatosha, hafla ya watu 150 au 200 jipe miezi mitatu mpaka minne, kongamano la siku mbili lenye wazungumzaji wa kutoka mbali nusu mwaka siyo mwingi.

Kwenye bajeti tenganisha vitu vinavyopanda kwa kila kichwa (chakula, beji, viti) na vile ambavyo watu waje 50 au 150 bei ni ileile (ukumbi, fundi sauti, MC, mpiga picha). Hapo hata wakija kukuambia wageni wameongezeka 30 unajua mara moja unaongeza shilingi ngapi, hufanyi kubahatisha. Alafu weka pembeni asilimia 10 mpaka 15 ya dharura na usiiseme kwenye kamati kila dakika, hela ya dharura ikijulikana tu inapata matumizi.

Ukumbi usiuangalie kwa macho ya harusi

Nenda kuukagua saa ileile ambayo ivent itafanyika, siyo saa uliyopata nafasi. Ukumbi wa asubuhi na ukumbi wa jioni ni kumbi mbili tofauti, jua la saa nne linaweza kuwa linapiga moja kwa moja kwenye skrini na hakuna atakayesoma slaidi hata moja, au jirani ana karakana inayoanza kukata vyuma mchana. Kakae kiti cha mwisho kabisa nyuma ya nguzo, hapo ndo utajua.

Usimwamini meneja akikuambia "huu unachukua 300". 300 wamekaaje? Viti vitupu vya mistari vinakula kama mita ya mraba moja kwa mtu ukijumlisha njia za kupita, ila meza za duara zinataka mita moja na nusu au zaidi, na hapo bado jukwaa, meza ya fundi na meza za maonyesho. Meza ya duara ya kipenyo cha sentimita 150 wanakaa watu 8, ya sentimita 180 wanakaa 10, ukiona wamebana 12 ujue kuna mtu atakula na kiwiko cha mwenzake. Na kama kutakuwa na jukwaa meza za duara zina ubaya wake, nusu ya meza inakuwa imegeuzia mzungumzaji mgongo, kwahiyo weka viti upande mmoja tu wa meza, ule unaoangalia jukwaa, au tumia mistari.

Kabla ya kusaini mkataba uliza wanakufungulia saa ngapi ufunge vifaa, saa ya ziada ni bei gani, watu wakipungua unalipia nini, ukiahirisha unarudishiwa kiasi gani na mpaka lini, unaruhusiwa kuja na mpishi wako na fundi wako au lazima wa kwao. Umeme ukikatika jenereta inabeba ukumbi mzima au inabeba taa tu? Mtu wa kiti cha magurudumu anaingilia wapi? Na milango ya dharura iko mingapi, maana siku yenyewe lazima atokee mtu abandike bango kubwa mbele ya mmojawapo. Majibu yote yawe kwenye maandishi, meneja uliyeongea naye anaweza kuwa likizo siku hiyo.

Sauti jamani, sauti

Kama ikitokea hela imebaki ya kitu kimoja tu, iweke kwenye sauti. Watu wanavumilia viti vya kawaida, wanavumilia hata chai ya vuguvugu, ila wakiwa hawasikii, dakika ya kumi mistari ya nyuma inaanzisha mkutano wake na huwarudishi tena.

Hesabu maiki kwa kuangalia ratiba, usiseme tu "tuletee za kutosha". Mjadala wa watu wanne ni maiki nne, MC ana yake, moja ya kuzunguka kwa wenye maswali, hapo sita, ongeza ya akiba saba. Zile za kubana kwenye nguo ni nzuri kwa anayeonyesha bidhaa kwa mikono miwili ila zikigusana na mkufu au mtandio ukumbi mzima unasikia mikwaruzo, muambie mzungumzaji mapema aje amevaaje. Betri mpya, zifunguliwe asubuhi hiyohiyo, siyo zile fundi alizotoka nazo kwenye shughuli ya jana. Spika zikae mbele ya wazungumzaji zikiangalia watu, ukiziweka nyuma ya maiki zitalia tu hata uwe na fundi gani. Na kitu ambacho wengi hawakijui, ukumbi mtupu unarindima, ukijaa watu miili na nguo zinameza sauti, kwahiyo ile mlioseti usiku mkaridhika siyo itakayosikika asubuhi, fundi anatakiwa abaki kwenye mitambo yake muda wote na siyo kutega kisha akaenda kupiga stori nje.

Slaidi kusanya zote siku moja kabla, weka kwenye laptopu moja, zipitishe moja moja kwenye skrini ileile, hasa zenye video maana video ndo inapenda kucheza bila sauti. Chochote kinachotegemea intaneti kipakue. Kuwa na adapta zako mfukoni, kila mtu anadhani ukumbi unazo.

Foleni ni hesabu tu

Hapa watu wanaona ni jambo dogo, ila ndo picha ya kwanza mgeni anayopata. Tuseme una wageni 200 na wote, kama ilivyo kawaida yetu binadamu, wanatokea ndani ya nusu saa ya mwisho. Kila mmoja anataja jina, linatafutwa, anapewa beji, anaelekezwa, dakika moja imeisha. Mhudumu mmoja kwa nusu saa anamaliza watu 30. Ukiweka wahudumu wawili ni watu 60, maana yake mkurugenzi anashika maiki kufungua huku wageni 140 wako nje wanaangalia visogo vya wenzao. Kwa kasi hiyo unahitaji wahudumu saba, au upunguze ile dakika: beji zipangwe tayari kwa herufi, kila meza iwe na herufi zake zimeandikwa kubwa juu siyo kwenye kitambaa cha meza ambako foleni ikijaa hazionekani, na pembeni kabisa iwepo meza moja ya wenye matatizo, jina halipo, jina limekosewa, kaja na wenzake watatu. Mwenye tatizo akitolewa kwenye foleni kuu inatembea yenyewe. Na beji chapisha jina pande zote mbili, kamba huwa inageuka, unaishia kuongea na mgeni wako muhimu huku umekodolea karatasi nyeupe.

Chai nayo vilevile. Watu 150, kila mmoja sekunde 10 kuchukua kikombe na kujihudumia, mstari mmoja ni sekunde 1,500, hiyo ni dakika 25. Ukiwapa mapumziko ya dakika 15 wenye bahati ni 90 tu. Vuta meza kutoka ukutani watu wapite pande zote mbili, ziwe meza mbili, una mistari minne na kila kitu kinaisha dakika sita saba, muda unaobaki ndo watu wanapeana namba, ambayo kiukweli ndo sababu nusu yao walikuja.

Ratiba ziwe mbili

Ya wageni ni fupi na nzuri. Ya kwenu ya ndani ni ya dakika kwa dakika na kila mstari unasema nani, anafanya nini, maiki gani, kwenye skrini kuna nini. Mfano: "3:05 MC anapanda, maiki 1, skrini nembo. 3:08 anamkaribisha mkurugenzi, fundi afungue maiki 2 kabla hajafika jukwaani. 3:16 video, taa za mbele zizimwe, MC ashuke." Inaonekana ni kujisumbua ila ndo inayoondoa ule ukimya ambao MC anageuka nyuma kumtafuta mtu kwa macho.

Hotuba zipime kwa maneno. Mtu akiongea kwa mwendo wa kawaida anatoka na maneno 130 mpaka 150 kwa dakika, kwahiyo hotuba ya dakika tano ni kama maneno 700. Ukiletewa kurasa nane za maneno 350 kila moja hizo ni dakika 20 hata akuapie ataongea haraka. Weka mtunza muda mstari wa mbele na karatasi zake, dakika 5, dakika 2, na ile ya mwisho. Na mkubaliane mapema mkichelewa kinakatwa nini, maana kuchelewa mtachelewa. Anayeamua kukata awe mtu mmoja, na asiwe bosi, bosi kazi yake siku hiyo ni kukaa na wageni.

Sasa rudi kwenye ile sentensi yako. Kile kitendo unachotaka watu wafanye kiwekee muda wake kwenye ratiba, na kiwe kabla ya chakula cha mchana, siyo baada. Wakishakula wanaanza kutafuta funguo za gari. Meza za kusaini ziwe njiani kuelekea kwenye chakula, fomu ziwe zimejazwa nusu, kalamu ziwepo, na MC aseme wazi "mnatoka mlango wa kushoto, mwenzetu mwenye shati la bluu anawasubiri", siyo "karibuni sana banda letu".

Kuwaleta watu

Mwaliko uoneshe mgeni anapata nini na shughuli inaisha saa ngapi, mtu mwenye majukumu anaamua kwa hiyo saa ya kuisha kuliko ya kuanza. Kama ni bure tegemea wengi watajiandikisha alafu hawatatokea, kwahiyo usiagize chakula kwa orodha ya kwanza. Kumbusha wiki moja kabla, siku moja kabla ukiwa na ramani na mahali pa kuegesha gari, na wale 20 wa muhimu wapigiwe simu na mtu wanayemjua, siyo ujumbe wa kutumwa kwa wote.

Ikiisha

Usiondoke ukumbini kabla hujazunguka na meneja mkakagua pamoja, piga picha, hesabu vitu vya kukodi kimoja kimoja, la sivyo wiki ijayo utaletewa bili ya kioo ambacho hukukiona kikivunjika na advansi yako ndo itakatwa humo.

Alafu ndani ya siku mbili gawa majina kwa makundi matatu, waliosaini, waliouliza maswali ila hawakusaini, na walioalikwa wasije, kila kundi na ujumbe wake na mtu wa mauzo ambaye alishajua tangu kabla ya ivent kwamba hao ni wake. Kikao cha tathmini muwaite na wale wa mapokezi na fundi sauti, siyo mabosi peke yao, maana wa mapokezi ndo alisikia mgeni aliyeondoka saa tano alikuwa analalamikia nini.