Jinsi ya kupima kama uzito hupotea kwa riaksheni, bila baluni kukudanganya

Mpwa wangu aliniuliza juzi, "Anko, makaa ilijaa jiko, saa hii ni majivu ya kiganja tu, na mwalimu anasema kwa riaksheni, kitu ikigeuka kuwa kitu ingine, uzito haupotei?" Nikamwambia makaa imeenda na hewa, lakini hewa ya jikoni utaipima aje, wacha tutumie kitu inafungika.

Tafuta chupa ya soda ya lita 1.25, ile ya plastiki (ya maji ni nyembamba, na ya glasi usijaribu hata siku moja), vinega, bekingi soda, tishu na mizani ndogo ya kusoma gramu 0.1, kama ile wanunuzi wa dhahabu kule Ikolomani hutembea nayo. Soma pakiti, bekingi pauda ni kitu ingine. Magadi ya mrenda pia itatoa povu lakini si safi, hesabu itakukataa.

Pima gramu 5 za bekingi soda, kama kijiko kimoja cha chai, usiongeze. Izungushie tishu iwe nyembamba ipite mdomo wa chupa. Mimina vinega mililita 100 kwa chupa, halafu weka kila kitu kwa mizani pamoja, kifuniko na tishu zikiwa kando ya chupa hapo hapo juu ya mizani, andika namba. Sasa tumbukiza tishu, kaza kifuniko chap chap, tikisa. Bekingi soda na vinega zitatoa gesi ya kaboni dioksidi, chupa itakuwa ngumu kama jiwe. Pima tena: namba ni ile ile, ikipungua 0.1 ni ile gesi ilikuwahi kabla ufunge.

Fungua polepole, uso kando, psssss, rudisha kifuniko upime. Yetu ilishuka karibu gramu 2. Kwa hesabu gramu 84 za soda hutoa 44 za kaboni dioksidi, so 5 zinatoa 2.6, ile imebaki bado iko ndani ya chupa na kwa vinega.

Sasa ile ilinisumbua. Mara ya kwanza nilitumia baluni mdomoni mwa chupa, mizani ikashuka gramu moja na nusu na hakuna kitu imetoroka, nikapaka sabuni kutafuta tobo, wapi! Kumbe baluni ikifura inasukuma hewa, na hewa inaiinua vile ziwa huinua mtungi mtupu. Hapa Kisumu lita moja ya hewa ni kama gramu 1, so baluni ya lita moja na nusu inakuibia karibu hiyo hiyo. Chupa ngumu haifuri hivyo.

Lavoisier, mwanasayansi wa Ufaransa, pia alifunga, 1774, akachoma bati (tin, si mabati ya nyumba) ndani ya chupa ya glasi, uzito haukubadilika, alipofungua hewa ikaingia kwa kishindo kujaza nafasi ya ile bati ilikuwa imeshika, na uzito ukapanda.

Tukarudi kwa jiko. Makaa kubwa yake ni kaboni, na gramu 12 za kaboni hushika 32 za oksijeni ya hewa, kwa hivyo kilo moja ya kaboni ikiungua yote inatoka ikiwa kilo 3.7 za gesi. Kijana akaangalia jiko, akaniangalia. "Kwa hivyo ile imeenda ni nzito kuliko ile tulinunua?"

Eeh.