Kufungasha na kupima cpuid kwenye Debian
cpuid ni programu inayoonyesha taarifa za prosesa, na Debian ni mfumo wa uendeshaji wa Linux. Katika faili la debian/control, linaloeleza kifurushi, mstari wa Architecture utaje amd64 na i386 (prosesa za biti 64 na 32 za aina ya Intel na AMD) pekee, kwa kuwa cpuid hutegemea amri ya ndani ya prosesa iitwayo CPUID, ambayo prosesa za ARM hazina. Jenga kifurushi kwa dpkg-buildpackage -us -uc (yaani bila kutia saini), kisha ukikague kwa lintian, zana inayotafuta makosa ya kifurushi.

Kazi yenyewe imo katika upimaji. Hapa Moshi niliazima kwa fundi kompyuta mbili za mtumba, moja ya Intel na nyingine ya AMD, nikalinganisha matokeo na /proc/cpuinfo, faili ambamo Linux huonyesha taarifa za prosesa. Tahadhari: pale /proc/cpuinfo inapoandika model 158, cpuid huonyesha kwanza model 0xe na extended model 0x9 (mimi nilidhani ni hitilafu), ilhali namba ya kulinganisha ni ile ya model synth, inayounganisha hizo mbili, yaani 0x9e, ambayo ni 158 iliyoandikwa kwa heksadesimali.